Neno Lililokwama Kinywani

Nilikinunua soko la Majengo, kwa muuza viatu vya mtumba.
Alikuwa amekiweka chini ya mguu wa meza isiyumbe.
Elfu moja mia tano. Jalada hakuna,
na kurasa kumi za mwanzo zilishafungia karanga za watu,
kwa hiyo kwetu hadithi ilianzia njiani:
mtoto tayari yuko safarini,
hatukujua kamwe alitoka kwa nani.

Hombolo, mwezi wa sita, baridi inakata masikio.
Nasoma Kiingereza kwa macho,
nakitoa Kiswahili kwa mdomo.
Bibi anabangua karanga za kuuza,
Nyemo, wa darasa la saba, ananimulikia kwa simu.

Nikafika kwenye neno lile.
Nikajaribu "waganga". Hapana, hawa hawamtibu mtu.
Nikajaribu "watu wa mazingaombwe",
Nyemo akacheka, akamkumbuka yule aliyekuja shuleni,
akatoa sarafu sikioni mwa mwalimu mkuu
kisha akaomba nauli.
Likabaki moja. Nililisema haraka,
kama mtu akanyagaye kaa:
"Watoto wachawi."

Bibi akaacha kubangua.

Dada yake, Damari, alifukuzwa Ikowa kwa macho mekundu,
macho yaliyopikwa na moshi wa jikoni miaka arobaini.
Walimpa hadi jua kuzama.
Alibeba kinu, akasahau mchi.
Mchi ule tunao mpaka leo, umeegemea ukuta,
na hatutwangii kitu.
Kwetu neno hilo halitoi cheche za rangi.
Linatoa mawe.

"Endelea," bibi akauambia ukuta.

Nikaendelea. Usiku wa nne, au wa tano, akauliza:
"Na hao, kwao waliwafukuza?"
"Hapana, bibi. Waliwapeleka shule."
"Wachawi."
"Ndiyo."
"Wakapelekwa shule."
Akabangua karanga moja, akaila.
Karanga za kuuza! Hajawahi.

Nyemo naye alizihamisha habari hadi uwanja wa shule.
Kufikia Ijumaa hapakuwa na ufagio uliogusa ardhi,
yote ilikuwa katikati ya miguu, vumbi hadi kisimani,
na wimbo wameshautunga:

    Ufagio wa chelewa,
    nipeleke hadi Bahi,
    nimechoka kuchelewa,
    mwalimu ananiwahi.

Masima, mtoto wa mchunga ng'ombe, aliruka kutoka kichuguuni.
Alipaa, wanaapa alipaa,
kisha akarudi darasani na mkono kwenye bandeji,
na darasa zima likataka kuichora.

Mwalimu Chiduo akaita mzazi.
"Mtoto wenu anafundisha uchawi."
Bibi alikwenda mwenyewe, kwa miguu, viatu mkononi.
Sikuwapo; Nyemo alinisimulia.
Eti alisema: "Mwalimu, wachawi wa kitabuni wana madaftari.
Wanakesha wakisoma, wanaogopa mtihani.
Hawa wako wanaruka vichuguu tu.
Wafundishe."

Desemba. Mvua mbili, kisha hakuna.
Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari
hayajabandikwa ofisi ya kata, kila siku kesho.
Usiku mmoja bundi akatua juu ya tembe,
akalia mara moja, akanyamaza
kama anayesikiliza kama tumesikia.

Mwaka jana bibi angetupa chumvi motoni
na kumtaja Mungu kwa sauti.
Chumvi alikuwa nayo, kiganjani, amefumba.
"Nyemo," akasema, "toka nje, ummulike miguuni."

Tukangoja. Mlango wazi, baridi inaingia.
Nikajikuta nahesabu pumzi za bibi.

"Ana panya," Nyemo akaita kutoka nje.
"Tu?"
"Panya tu."

Bibi akairudisha chumvi koponi,
akakung'uta kiganja, akakitazama.
"Basi," akasema, "labda alitumwa nyumba nyingine."